Metisi hagawanywi na damu yake

Hapa Lubumbashi imezoeleka kusema kwamba mwanafunzi metisi, yaani chotara, hajijui kwa sababu ndani yake damu mbili zinagombana. Maneno hayo si ya kweli, na yanaumiza. Damu haigombani, mtu hufundishwa na wengine kwamba hana kwao, na mafundisho hayo yalianza kwa amri ya serikali.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto wengi waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mkongo walinyang'anywa mama zao na kupelekwa misheni, mara nyingi mbali na kwao, ingawa mama hao walikuwa hai. Serikali ya Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano wa namna hiyo, kabla hawajafikisha miaka 7, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mwanafunzi mmoja ninayemfahamu huitwa «muzungu» na wauza makala, yaani mkaa, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nao humpandishia bei. Chuoni, wenzake hushangaa kumsikia akisema Kiswahili cha kwetu. Akinyamaza anapoulizwa kabila lake, husemwa kwamba amechanganyikiwa. Kumbe amechoka kuulizwa, na tena bibi yake alilelewa misheni kwa jina ambalo mama yake hakumpa, hivyo ukoo wa kutaja haukumfikia mjukuu ukiwa mzima.