"Mimi simo kwenye hayo makundi"

"Nesi, mimi si dereva wa lori wala siendi baa. Nipime VVU ya nini?" Jumatatu nimeisikia tena, kwa mkulima aliyemsindikiza mkewe mjamzito kliniki. Wiki moja kabla aliisema mama aliyetoka Bahi. Nimechoka nayo, maana nawaona wanaokuja baadaye, wamechelewa.

Ni kweli kiwango cha VVU kiko juu zaidi kwa wanawake wanaouza ngono, wanaojidunga dawa za kulevya na wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Watu wakisikia hivyo wanaelewa kwamba virusi vinakaa huko tu. Asilimia si idadi, jamani! Kundi dogo lenye asilimia kubwa linaweza kuwa na watu wachache wenye virusi kuliko kundi kubwa lenye asilimia ndogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 hapa Tanzania ulikuta asilimia 4.4 ya wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU: wanawake 5.6, wanaume 3.0. Wengi wao ni watu wa kawaida kabisa, wakulima, mama lishe, mafundi, watumishi.

Na hayo makundi hayana ukuta. Nenda Kibaigwa wakati wa mavuno uone. Soko la mahindi linavuta malori, madalali, wabeba magunia, na wakulima walioshika hela baada ya miezi ya ukata. Kule bwawa la Mtera wavuvi wanalala mbali na familia zao. Mtu anauza mahindi yake, analala gesti usiku mmoja, kesho yuko kijijini kwa mkewe. Huyo mke hajawahi kukanyaga Kibaigwa, na ndiye anayeniambia yeye hayumo.

Wanaosema ni ugonjwa wa mjini waitazame Njombe, mkoa wa chai, viazi na mbao. Utafiti uleule uliikuta na asilimia 12.7, ikiongoza mikoa yote, Dar es Salaam ikiwa mbali nyuma yake.

Ushauri wangu ni uleule ninaourudia kila siku: usimuulize mwenza wako anafanya kazi gani, muulize alipima lini, kisha nendeni wote wawili. Mkiona haya kukutana na jirani kituoni, tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo cha majimaji ya mdomoni unapangusa ufizi tu. Ukiona mistari miwili, njoo tuthibitishe.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia. "Mume wangu kapima, hana, basi nami sina." Hapana. Wenza wenye majibu tofauti tunao, na kila mmoja anapimwa damu yake.

"Ana afya, kanenepa." Virusi vinaweza kukaa miaka mwilini bila dalili yoyote.

"Dawa kinga ni za malaya." Hizo hutumiwa kabla ya kukutana na virusi, na ni za yeyote asiye na VVU aliye katika hatari, akiwemo mke wa mtu.

"Anayemeza ARV ataniambukiza." Virusi vikifubaa mpaka visionekane kwenye kipimo, na akaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenza kwa kujamiiana. Mimi namhofia aliyeacha dawa.

"Nilipata ajali juzi, kondomu ilipasuka, jana nimepima, niko salama." Kipimo cha jana hakiwezi kuonyesha cha juzi. Njoo leo hii, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Usingoje Jumatatu.