Mgeni Anayerudi Hifadhini Si Lazima Awe Anayeitunza

Siku za karibuni malalamiko ya wageni wa hifadhini yanafanana: waongoza watalii ni wakali, masharti hayaishi, na "mimi nimelipa kiingilio". Ni kweli umelipa. Kiingilio kinakuruhusu kuingia na kutazama, basi, mnyama hajauzwa.

Mwaka 2012 watafiti Kim, Ritchie na McCormick walitaja mambo saba yanayoifanya safari isisahaulike, yakiwemo furaha, kukutana na jambo jipya, kushiriki na kujifunza. Aliyeyapata hutamani kurudi na huwasimulia wenzake. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kudhani kwamba anayependa mahali atapatunza. Anayemrushia nyani ndizi dirishani naye amependa, tena huenda si mara yake ya kwanza kuja. Nyani akishazoea kwamba gari lina chakula huanza kupora, na anayeishia kuuawa ni yeye, si aliyemrushia.

Kinachobadili tabia ni tafakuri. Mtafiti Roy Ballantyne na wenzake, mwaka 2011, walikuta kwamba waliotembelea wanyamapori hukumbuka walichoona na walichohisi, wengine pia walichowaza na walichofanya baadaye. Kwa hiyo sharti lenye sababu iliyoelezwa vizuri ni sehemu ya safari yenyewe. Chukua gorila wa milimani: wageni wasiozidi 8, saa moja tu, barakoa usoni, maana maradhi yetu ya njia ya hewa yanaweza kuwaua. Ukiwa na kikohozi, sema kabla hamjaanza kupanda. Ukinyamaza ukagundulika njiani utarudishwa, na hapo tusilaumiane. Ukibanwa na haja, mwambie mwongozaji. Huchimbwa shimo la kina cha sentimita 30, kisha hufukiwa. Ndiyo, hata hilo lina utaratibu.

Nasi tunaosimamia hifadhi tuna la kurekebisha. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, watafiti walijaribu mabango tofauti: palipowekwa bango la kusema wageni wengi wamechukua vipande vya miti iliyogeuka mawe, karibu asilimia 8 ya vipande vya jaribio viliibwa. Palipoombwa tu visichukuliwe, vilipotea chini ya asilimia 2. Mabango ya "wageni wengi wanatupa taka" yang'olewe.

Mwenye malalamiko aandike jina la lango, tarehe, saa na kundi alilokuwemo. Lalamiko la kukatazwa kumsogelea mnyama halifunguliwi jalada.