Maji ya Nanyuki hayazungushwi na ikweta

Pale Nanyuki, Kenya, penye bango la ikweta, utaonyeshwa beseni lenye tundu na njiti ikielea juu ya maji. Hatua chache kaskazini njiti inazunguka huku. Hatua chache kusini, kule. Wanafunzi wengi wamerudi nyumbani wakiamini kwamba ni dunia inayoyazungusha.

Siyo. Kweli dunia, kwa kuzunguka kwake, hupinda mwendo wa upepo, ndiyo maana tufani za kaskazini na za kusini huzunguka kinyume. Lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita na hudumu siku kadhaa. Beseni huisha maji kwa dakika chache. Tena kwenye ikweta yenyewe athari hiyo ni sufuri! Kinachoamua ni mkono wa anayemimina: maji yakimiminwa kwa ubavu hubaki na mzunguko mdogo usioonekana, nao huongeza kasi yakikaribia tundu.

Mwaka 1962, mhandisi Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 katika tangi pana ndipo akaiona athari ya dunia.

Jaribu mwenyewe. Toboa ndoo chini, ziba, jaza maji, koroga kidogo kuelekea kulia, subiri uso utulie, kisha zibua. Rudia ukikoroga kushoto, palepale uliposimama.