Waya wa spika wa kujitengenezea hauharibu sauti

Hapa Kampala wauzaji wengi hushikilia kwamba waya wa spika uliojitengenezea huua besi. Si kweli. Kinachohesabika ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita (hupimwa kwa omu), nao hutegemea urefu, unene na metali, si bei. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule unaotumika kwenye soketi za nyumbani, ukivutwa mita 5 kwenda na 5 kurudi una ukinzani wa omu 0.07 hivi. Kwa spika ya omu 8 hicho ni kiasi kidogo mno. Ni mgumu kukunja, lakini unafaa kabisa. Hakikisha tu ni shaba tupu: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, chukua mnene zaidi.

Waya wa kutoka deki hadi amplifaya ni habari nyingine. Ishara yake ni hafifu, na bila wavu wa shaba kuuzunguka hunasa mvumo wa umeme wa hezi 50. Niliwahi kujaribu waya wa kengele hapo; spika zilivuma jioni nzima mpaka nilipoweka wenye wavu.