Usambara: yanayosemwa kuhusu Lushoto, na yalivyo

"Ni mlima kama Kilimanjaro, udongo wake hauchoki." Kilimanjaro ni volkano. Usambara, milima ya mkoa wa Tanga, Tanzania, ilipo wilaya ya Lushoto, si volkano. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya miamba mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Rutuba ya Lushoto imetokana na majani yaliyooza chini ya msitu kwa karne nyingi, nayo imekaa juujuu. Mteremko ukifyekwa na kuachwa wazi, masika chache tu zinaishusha bondeni.

"Wasambaa walikataa matuta kwa ukaidi." Hili linaniuma, maana bado linarudiwa. Wazee walichanganya migomba, maharage na mazao mengine shamba moja, ardhi ikabaki imefunikwa. Kisha Waingereza wakaja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Mlalo, eneo la Lushoto, ulioanza mwaka 1946 na baadaye kuenezwa Usambara: chimba matuta kwa amri, ukikaidi utozwe faini. Ilikuwa kazi nzito kwenye vishamba vidogo, na watu waliigomea mpaka ikaachwa kabla ya uhuru. Walichokataa ni shuruti. Leo miteremko mingi ina makinga maji na majani ya guatemala, yanayoshika udongo na kulisha ng'ombe wa zizini, na wenye mashamba wameyapanda wenyewe.

"Uchumi wa huko ni chai na watalii." Chai ipo, na wageni wanapanda kwenda Irente, genge la kutazama mandhari. Lakini pesa ya kila wiki kwa kaya nyingi inatoka kwenye kabichi, karoti, viazi, nyanya na hoho, pamoja na mapichi, mapeasi na plamu. Malori yanashuka Soni hadi Mombo, yakielekea Dar es Salaam. Faida nyingi haibaki mlimani: dalali anapanga bei shambani, gunia linajazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, na mvua ikiporomosha kingo za barabara, mboga zinaozea njiani. Anayesema watu wa milimani ni maskini kwa kukosa bidii aanzie hapo.

"Msitu ni ardhi iliyolala." Mabonde yanayolimwa mboga wakati wa kiangazi yanamwagiliwa kwa vijito vinavyotoka kwenye misitu kama Magamba. Mto Umba nao unaanzia msitu wa Shagayu, unavuka mpaka na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Vanga, Kenya.