Mtoto akibadilisha miwani kila mara, mumpime konea

Juzi kaja mama na kijana wake wa form two, wametoka Tukuyu, kafunga miwani tatu kwenye leso, zote za ndani ya miaka miwili. Akaniambia daktari, mwanangu haoni ubao, mbadilishie tu nyingine. Nikazima taa nikammulika kijana kwa retinoskopu, ule mwanga ndani ya jicho badala ya kupita vizuri ukawa unafunguka na kujifunga kama mkasi, hapo nikajua hii si kesi ya miwani.

Ni keratokonasi. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kawaida katikati ina mikroni 540 hivi, yani nusu milimita tu, sasa hii inalegea, inakonda na kuchongoka kwa mbele. Inaanzaga sana ujanani, na kufikicha macho kunaichochea, na hapa Mbeya kuanzia Julai vumbi na upepo, watoto wenye aleji wanafikicha mchana kutwa.

Kitu kinachosimamisha ugonjwa ni krosilinki, walianzisha Wajerumani kule Dresden, matokeo ya wagonjwa wa kwanza yakatoka 2003. Wanakwangua utando wa juu wa konea, wanadondoshea vitamini B2 nusu saa, halafu wanamulika mwanga wa UV nusu saa nyingine, nyuzi za konea zinakaza. Siku tatu nne za mwanzo jicho linauma kwelikweli. Ila jamani naomba mnielewe, krosilinki hairudishi uono uliopotea, inazuia usiendelee kupotea, na kawaida inataka konea isiwe chini ya mikroni 400, kwaiyo kila mwaka unaokaa nyumbani unabadilisha miwani ndo unajifungia mlango.

Kuona vizuri ni kazi ya lenzi ngumu, zile za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Zile ndogo vumbi likiingia chini yake ni mateso, mimi kwa huku kwetu napenda zile kubwa zinazokaa kwenye weupe wa jicho, unazijaza maji maalum ya chumvi, maji ya bomba hapana kabisa.

Kupandikiza konea ya marehemu ni mwisho wa yote.

Kijana nimempa matone ya aleji, na mama nimemsihi asinunue ya steroidi dukani kienyeji, yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Halafu nikakaa kuandika rufaa ya Dar wakapime ramani ya konea, na kabla sijamaliza kijana kashapeleka ngumi machoni mara mbili, mama anamshika mkono.