Je, wajua? Chembe isiyoonekana hutafutwaje?

Simama mwaloni Igombe, Mwanza, usiku wa giza, dagaa wakiwa wanavuliwa. Mtumbwi unaelea karibu na nchi kavu, haujafungwa. Upepo umetulia. Ghafla ubao unagonga, na mtumbwi unarudi nyuma kuelekea kilindini. Hujamwona mtu, lakini mvuvi yeyote atakwambia: kuna aliyeruka. Tena jinsi mtumbwi ulivyorudi itakuonyesha karukia upande gani na kwa nguvu kiasi gani.

Wanaotafuta chembe za supasimetria hufanya hivyohivyo. Nadharia hii ya miaka ya 1970 inasema kila aina ya chembe tunayoijua ina mwenzake: elektroni ina selektroni, gluoni (chembe inayoshikilia pamoja viungo vya protoni) ina gluino. Iliyo nyepesi kuliko zote, huenda ni nyutralino, haina chaji na hupenya vyuma bila kuacha alama yoyote. Ikiwepo, yaweza kuwa ndiyo maada ya giza, yaani maada isiyotoa mwanga wala kuonekana, ambayo ulimwenguni ni takribani mara tano ya maada ya kawaida. Kwa kweli hapo ndipo moyo wangu unapodunda.

Katika kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27. Humo mafungu ya protoni yanayotoka pande mbili hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Kabla ya kugongana, protoni zinakwenda mbele na nyuma tu. Ubavuni hakuna mwendo. Kwa hiyo vipande vinavyoruka ubavuni baada ya mgongano lazima visawazishane. ATLAS na CMS, mitambo inayonasa alama za vipande hivyo, ikiona vipande vingi vimerukia kushoto na kulia hakuna kitu, basi kuna kilichotoroka.

Kilichotoroka ni nini? Hapo ndipo kazi ilipo, maana hata wimbi husukuma mtumbwi. Nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji ambayo tayari tunaijua, nayo hutoroka vivyo hivyo. Mwanafizikia Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930 kwa sababu hesabu ya nishati ilikuwa na pengo, ikathibitishwa mwaka 1956. Basi wanafizikia hukadiria kwanza mapengo mangapi yanatokana na nyutrino, na mangapi na vipimo vilivyokosea kidogo, ndipo watafute ziada.

Mpaka sasa ziada hiyo haijaonekana. Chembe ya Higgs, inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, ilipatikana humo mwaka 2012, lakini gluino bado. Kwa mifano mingi ya nadharia hii, kama gluino ipo, lazima iwe na uzito unaozidi protoni 2,000. Kila kipimo kinapunguza mahali inapoweza kujificha. Siku hizi wanafuatilia pia chembe zinazosafiri sentimita kadhaa ndani ya mtambo kabla ya kuvunjika, ambazo programu za awali za kuchuja migongano zingeweza kuziacha zipite.